Nafasi Ilikuwa Mkononi mwa Nani

Mwezi Aprili mwaka 2023, wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, nilifungua tovuti ya kampuni ya meli ya kitalii ambayo familia yetu ilikuwa imekwisha kulipia arbuni, nikakuta kwamba bei ya vyumba vya aina yetu, katika safari ile ile na tarehe ile ile, ilikuwa imeshuka, na kwa hesabu ya watu wanne tungeokoa dola 240. Nilikuwa nimesoma kwamba kabla ya siku ya mwisho ya kulipa salio, kampuni nyingi za meli hukubali kumpunguzia mteja bei iwapo ataomba mwenyewe, hivyo asubuhi yake, kabla hata sijalala, nilipiga simu. Mhudumu aliyenipokea alikuwa na adabu na subira. Alilitafuta jina langu, akaliona, akathibitisha tarehe na idadi yetu, kisha akanieleza kwamba hana ruhusa ya kubadilisha chochote, kwa sababu nafasi ile iliwekwa na wakala, na kwa kampuni yao mwenye nafasi ni yule aliyeiweka. Nilimwambia kwamba fedha zimetoka katika akaunti yangu na majina yote manne ni ya watu wa nyumbani kwangu. Alinielewa vizuri, lakini jibu lake halikubadilika.

Mpaka siku ile niliamini kwamba namna ya kukata tiketi ya meli ni jambo la bei peke yake: unatafuta mahali penye bei ya chini, unalipa, unasubiri siku ya safari. Safari tatu tulizofanya tangu hapo zimenifundisha kuanza na jambo jingine, yaani kujua kwamba baada ya kulipa nafasi itakuwa mkononi mwa nani, na huyo mtu atapatikana vipi mambo yakibadilika, kwa maana katika safari inayolipiwa miezi sita kabla, mambo hubadilika.

Tunaishi Houston, Texas, na bandari ya Galveston, ambako meli za kitalii hupakia abiria mwaka mzima, iko umbali wa takriban kilomita 80 kutoka mjini. Kwa familia yenye watoto wawili na wazazi wanaofanya kazi kwa zamu, ukaribu huo ni neema kubwa, kwa kuwa hakuna nauli ya ndege wala usiku wa hoteli. Mtu anapakia mizigo garini na baada ya saa moja yuko getini. Mume wangu ndiye aliyeanza kutafuta. Alikuta kwamba safari moja ya meli huuzwa kwa njia nyingi: kampuni yenyewe, tovuti kubwa zinazouza safari za kampuni zote, maduka ya wanachama kama Costco ambayo humrudishia mnunuzi sehemu ya fedha kwa kadi ya kutumia dukani, na mawakala binafsi wanaofanya kazi hiyo wakiwa nyumbani kwao. Kilichotushangaza ni kwamba bei ya msingi ilikuwa karibu ile ile kila mahali. Baadaye ndipo nilipofahamishwa sababu yake. Nauli hupangwa na kampuni ya meli, na wakala hulipwa kamisheni na kampuni hiyo hiyo kutoka ndani ya nauli, kwa hiyo mteja anayekwenda moja kwa moja kwa kampuni, kwa kawaida, haokoi ile kamisheni hata senti moja. Tofauti huonekana kwenye nyongeza: wakala mmoja anaweza kukupa dola 50 au 100 za kutumia melini, mwingine hakupi kitu ila simu yake anaipokea.

Sisi tulichagua tovuti kubwa iliyoahidi nyongeza nono kuliko wengine. Tangazo lilisema dola 529 kwa mtu kwa siku tano, kwenda Cozumel na Progreso nchini Mexico na kurudi. Nilizidisha kwa nne kichwani nikajua kiasi cha kutenga. Hesabu yangu ilikosea pande zote mbili, na naieleza hapa kwa kirefu kwa sababu nimewaona wengi wakiikosea vivyo hivyo. Kwanza, bei ya meli hutajwa kwa mtu mmoja kwa kudhani kwamba chumba kina watu wawili. Mtu wa tatu na wa nne katika chumba hicho hicho hulipa pungufu, na watoto wetu walitozwa dola 279 kila mmoja; lakini anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili, kwa kuwa kampuni inauza chumba na haitaki kitanda cha pili kilale bure. Pili, juu ya nauli kulikuwa na kodi na ada za bandari, dola 135 kwa kila kichwa, ambazo hazina punguzo la mtoto. Jumla ikawa dola 2,156. Tatu, kulikuwa na bahshishi ya wafanyakazi, dola 16 kwa mtu kwa siku, ambayo huingizwa katika hesabu ya chumba hata kama hukutia saini karatasi yoyote. Kwa watu wanne kwa siku tano ni dola 320. Ongeza maegesho ya gari Galveston, vinywaji na matembezi ya nchi kavu, na utaona jinsi dola 529 zilivyokuwa mbali na ukweli. Tangu Julai 2024, baada ya sheria ya jimbo la California ya kuzuia ada zilizofichwa kuanza kutumika, kampuni kubwa za meli zimekuwa zikionyesha wateja wa Marekani bei yenye kodi na ada za bandari ndani yake, na hilo limesaidia sana. Bahshishi bado huja kando, na kampuni nyingi sasa hutoza kati ya dola 16 na 20.

Nirudi kwenye simu. Nilipowapigia waliotuuzia, yaani ile tovuti kubwa, ambayo kwa kampuni ya meli ndiyo wakala wetu, nilisubiri kwa muda wa saa mbili kasoro nikisikiliza muziki, nikapewa mtu ambaye aliandika ombi langu na kuahidi kwamba idara nyingine ingenipigia. Siku mbili zikapita. Nilipopiga tena niliambiwa kwamba muda wa kubadilisha bei umekwisha, kwa kuwa siku ya mwisho ya kulipa salio ilikuwa jana yake. Nilishangaa, maana kampuni ya meli yenyewe ilikuwa imenitajia tarehe ya wiki moja mbele. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuandikwa mahali pa wazi: kampuni za meli kwa kawaida hudai salio siku 75 hadi 90 kabla ya safari, lakini wakala huweka tarehe yake mwenyewe, siku chache kabla ya ile ya kampuni, ili apate nafasi ya kukusanya fedha. Mimi nilikuwa nikitazama tarehe ya kampuni, nao walikuwa wakitazama ya kwao. Zaidi ya hayo, masharti yao yalikuwa na tozo ya dola 50 kwa kila badiliko, mbali na faini yoyote ya kampuni ya meli. Masharti hayo nilikuwa nimeyakubali mwenyewe kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma.

Kosa jingine lilionekana siku ya kupanda meli. Ili kupata bei ile tulikuwa tumechukua chumba cha kupangiwa, yaani mteja hununua aina ya chumba, kama vile cha ndani kisicho na dirisha, na kampuni ndiyo huamua namba yake karibu na siku ya safari. Ni utaratibu halali na kwa baadhi ya watu ni bahati nzuri, kwani wapo wanaopandishwa daraja bila kulipa zaidi. Sisi tulipangiwa chumba kilichokuwa chini ya jiko la sitaha ya mabwawa, ambako kuanzia saa kumi alfajiri mikokoteni na viti vilikuwa vikiburutwa juu ya vichwa vyetu. Mtoto wetu mdogo, ambaye ana usingizi mwepesi, aliamka kila siku kabla ya jua. Mtu anayeweka nafasi pamoja nawe akiwa anaifahamu meli hufungua ramani ya sitaha, akatazama kilicho juu na kilicho chini ya chumba, na kutafuta kile ambacho juu yake kuna vyumba vingine na chini yake kuna vyumba vingine. Tovuti iliyotuuzia ilikuwa na ramani hiyo, ila haikuwa na sababu ya kutuambia tuitazame.

Hata hivyo tuliipenda safari yenyewe. Bahari ya Ghuba ya Mexico ilikuwa shwari, watoto waliogelea mpaka wakachoka, na mimi, niliyekulia Tanga nikiitazama bahari kila siku bila kuwa na sababu ya kuivuka, nilikaa kwenye sitaha ya nyuma nikiangalia povu la meli hadi giza likaingia. Tulirudi tukiwa na nia ya kwenda tena.

Mwaka 2024 Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, na mume wangu akapendekeza tumpeleke. Safari hii niliogopa kubonyeza kitufe. Katika harusi moja hapa Houston nilikuwa nimekutana na dada mmoja mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi ya uwakala wa safari, nikampigia. Nilitarajia aniulize bajeti. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama ana pasipoti ya wapi, na kwenye viza yake ya Marekani, pale palipoandikwa idadi ya kuingia, pana herufi gani au namba gani?" Nilikwenda chumbani, nikamwomba Mama pasipoti, nikaona herufi M. Yule dada akashusha pumzi akasema, "Alhamdulillahi, hapo tunaweza kuzungumza."

Sababu ya swali hilo inastahili kuelezwa kwa kituo. Meli nyingi za kitalii zinazotoka katika bandari za Marekani zimesajiliwa nchi nyingine, kama Bahamas, Panama au Malta, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu vyombo vya abiria hairuhusu meli ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani tu. Ndiyo maana meli inayotoka Galveston na kurudi Galveston lazima iguse angalau bandari moja ya nchi ya nje. Kwa abiria maana yake ni kwamba anatoka Marekani kwa kweli, na akirudi anaingia upya mbele ya ofisa wa uhamiaji. Mwenye viza ya kuingia mara moja, akishaitumia uwanja wa ndege, anaweza kujikuta hana ruhusa ya kurudi mahali alipoacha mzigo wake. Herufi M humaanisha mara nyingi. Familia yetu peke yake ilikuwa na hali tatu tofauti: mume wangu na watoto ni raia wa Marekani, na raia katika safari inayoanza na kuishia bandari moja wanaweza kusafiri hata kwa cheti cha kuzaliwa, na kwa mtu mzima pamoja na kitambulisho cha serikali, mimi nina pasipoti ya Tanzania na kadi ya ukaazi wa kudumu, na vyote viwili vinahitajika, Mama alikuwa mgeni mwenye viza. Tovuti ile ya mwaka 2023 ilikuwa imetuuliza uraia wetu kwa ajili ya kujaza fomu, lakini hakuna aliyetazama jibu.

Kisha ikaja hesabu ya nchi. Mexico humruhusu mwenye viza halali ya Marekani kuingia bila viza ya Mexico, awe na pasipoti ya nchi yoyote, na hilo lilimtosha Mama. Lakini safari za siku saba kutoka Galveston mara nyingi hupita pia Honduras, Jamaika au Visiwa vya Cayman, na kila nchi huitazama pasipoti ya Tanzania kwa jicho lake. Yule dada alitushauri tuchague safari isiyogusa nchi nyingine ila Mexico, tukachukua ya siku tano ya Cozumel na Costa Maya. Alikuwa na sababu ya pili ambayo nisingeifikiria. Mama ana maumivu ya magoti. Katika Grand Cayman meli kubwa hutia nanga mbali na nchi kavu na abiria hushuka katika boti ndogo zinazoyumba. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kushika kila anapopanda ngazi, hiyo ni adha. Cozumel na Costa Maya meli hufunga gatini na mtu hushuka kwa daraja. Hata Progreso, ambako gati lina urefu wa zaidi ya kilomita 6 kwa sababu bahari ya pale ni ya kina kifupi, abiria hupelekwa nchi kavu kwa basi, kwa hiyo ingefaa pia.

Aliuliza kuhusu dawa. Mama anatumia insulini, na yule dada alieleza kwamba friji ndogo za vyumbani hazina ubaridi wa kuaminika, kwa hiyo mgonjwa huomba mapema kwa kampuni ya meli friji ya dawa, naye akaiomba siku hiyo hiyo kwa maandishi. Aliuliza kuhusu bima, akatufahamisha kwamba zahanati ya melini hutoza matibabu katika hesabu ya chumba kama ilivyo kwa chakula cha ziada, na kwamba mtu mwenye ugonjwa wa siku nyingi anatakiwa kununua bima mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu tangu alipe arbuni, la sivyo ugonjwa ule unaweza kuachwa nje ya mkataba. Kwa kuwa Mama si mkaazi wa Marekani, baadhi ya mipango haikumkubali, na tulihitaji siku kadhaa kupata iliyomkubali. Siku hizo tulikuwa nazo kwa sababu tuliulizwa mapema.

Jambo lililobaki moyoni mwangu kuliko yote lilihusu vitanda. Nilitaka Mama alale chumba kimoja na watoto wote wawili, na chumba kile kilikuwa na vitanda vinne, lakini mfumo wa kampuni ukakataa mtu wa tatu. Nilidhani ni kosa. Yule dada alitueleza, Mama akiwa amekaa pembeni yangu anasikiliza kwa kipaza sauti cha simu, kwamba kila sehemu ya meli ina kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura na boti zake za kuokolea, na nafasi katika boti zile huhesabiwa kwa vichwa. Zikijaa, kampuni haiuzi kitanda kingine upande ule hata kama kiko kitupu. Akaongeza kwamba tangu meli ya Costa Concordia ilipozama karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia mwezi Januari mwaka 2012, zoezi la dharura hufanyika kabla meli haijaondoka bandarini. Mama alikuwa kimya kwa muda. Wakati meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba mwezi Septemba mwaka 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, Mama alikuwa na jamaa Wete, na kwa siku kadhaa simu zilikuwa zikipigwa bila majibu. Jamaa wale hawakuwamo, lakini tangu hapo hakuwa amepanda chombo chochote cha baharini, na ndiyo sababu alikuwa akiitikia mpango wetu kwa heshima tu.

"Kwa hiyo hawa wanahesabu watu," alisema.

"Wanahesabu, Mama," yule dada akajibu. "Tena wakijaa wanafunga, hata ukiwa na fedha."

"Basi nitakwenda, mwanangu."

Tukatafuta upande mwingine wa meli, sitaha mbili chini, karibu na lifti, na vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaounganisha. Iligharimu dola 90 zaidi. Nilizilipa kwa moyo mweupe.

Kabla ya kulipa arbuni niliuliza maswali mawili ambayo sasa simwachii mtu yeyote anayeniuzia safari. La kwanza ni kama arbuni hurudishwa. Kampuni nyingi huuza nauli mbili kwa chumba kimoja, moja ya bei ya chini ambayo arbuni yake hupotea ukighairi safari, na nyingine ya juu kidogo ambayo arbuni hurudishwa hadi siku ya salio. Kwa mtu aliye na mgeni mwenye viza na mzazi mwenye kisukari, ile ya pili ndiyo rahisi, hata kama karatasi inaonyesha kinyume. La pili ni tarehe ya salio ya kwake yeye wakala na ya kampuni ya meli, zote mbili kwa maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nimekwisha kupoteza dola 240 kwa namna hiyo. Alinitumia tarehe zote mbili, pamoja na namba ya nafasi ya kampuni ya meli, akaniambia niiingize mwenyewe katika tovuti ya kampuni nione majina yetu kabla sijalala.

Hilo la namba nalikazia kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye kati ya watu tunaofahamiana. Kundi la familia kadhaa lilitaka kusafiri pamoja, jambo ambalo lina faida yake, kwani kuanzia vyumba vinane hivi kampuni nyingi huwapa kundi bei ya kushikiliwa na nyongeza ndogondogo. Aliyejitolea kuratibu alikusanya fedha kwa miezi mitatu kwa Zelle, huduma ya Marekani ya kutumiana fedha kutoka akaunti ya benki hadi nyingine. Alikuwa na karatasi nzuri zenye picha za meli, ila alipoombwa namba ya nafasi alikuwa akisema inakuja. Fedha zililipwa kwa uaminifu wa kujuana, na kwa njia ambayo benki hairudishi mtu akishatuma kwa hiari yake. Waliolipa walirudishiwa kidogokidogo, wengine hawajamaliziwa mpaka leo. Kadi ya mkopo ingewapa njia ya kulalamika, na namba ile ingewaonyesha ukweli katika wiki ya kwanza.

Pamoja na yote niliyosema, sishikilii kwamba kila mtu apite kwa wakala. Januari mwaka 2025, mimi na mume wangu tulikwenda peke yetu kwa siku nne, Cozumel tu, na nafasi ile niliiweka mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni ya meli. Meli tuliifahamu, pasipoti zetu hazikuwa na fumbo, na chumba nilikichagua kwenye ramani nikiwa na subira ya kutazama kilicho juu na chini yake. Kati ya arbuni na salio bei ilishuka mara mbili, na mara zote mbili nilipiga simu asubuhi baada ya zamu, nikapunguziwa kabla chai yangu haijapoa, kwa sababu safari hii nafasi ilikuwa mkononi mwangu. Mawakala wenye kazi nyingi hawawezi kutazama bei kila siku kwa niaba ya kila mteja, na anayependa kuitazama mwenyewe ana haki ya kuifaidi. Melini humo humo tulikuta dawati linalouza safari zijazo kwa arbuni ndogo na fedha za kutumia melini kama zawadi. Tuliweka nafasi pale, kisha, ndani ya muda ambao kampuni inaruhusu, tukaihamishia kwa yule dada wa Mombasa, kwa maana safari hiyo tunatarajia kwenda na wakwe zangu, na wakwe wana magoti yao na pasipoti zao.

Mama alirudi Tanga akiwa na picha nyingi, lakini anachosimulia ni zoezi la dharura. Anawaeleza jirani zake kwamba aliitwa kwa namba, akasimama mahali alipoonyeshwa, na kijana mwenye sare akahakikisha yupo kabla kamba hazijafunguliwa.

Mwezi uliopita dada yangu anayeishi Muscat alinipigia. Anataka kupanda meli Dubai pamoja na mumewe na mama mkwe wake, katika zile safari za majira ya baridi zinazozunguka Ghuba na kupita Muscat kwenyewe na Khasab kabla ya kurudi Dubai, na alikuwa amepata bei nzuri mno kwenye tovuti. Nilimuuliza kama viza ya mama mkwe ya kuingia Falme za Kiarabu ni ya mara moja au zaidi, kwa kuwa meli ile hutoka na kurudi, naye hakujua. Wakala wa kwanza aliyemwendea alimtajia bei za vyumba vyenye roshani. Wa pili, kabla hajataja bei yoyote, aliomba nakala za pasipoti zote tatu, na huyo ndiye aliyelipwa arbuni, kwa kadi, wiki iliyopita. Namba ya kampuni ya meli ilimfikia dada yangu jioni ile ile, akaiingiza kwenye tovuti yao, akanitumia picha ya majina matatu.